Umepokea kwa Nani

Kanuni ile niliitunga mimi mwenyewe. Hakuna aliyenituma wala aliyenilazimisha, na kwa miaka mingi nilipokuwa nikiisimulia nilikuwa nikiishia pale panaponipendeza. Leo nitaisimulia yote, maana waliokuwa wakiogopwa wamekwenda zao, na waliokuwa wakiogopa wengi wamekwisha kuzikwa.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la nane katika skuli moja ya Amu, kisiwani Lamu, katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa kijana, nimerudi kutoka kusomea ualimu Mombasa, nina kalamu mbili mfukoni mwa shati na hasira zangu ziko karibu. Mwezi wa kwanza niliwapa wanafunzi insha: elezeni soko la mji wenu. Baada ya alasiri nikaketi barazani kwetu kuyasahihisha madaftari. La kwanza likasema garimoshi hupita karibu na soko letu mara mbili kila siku. Nikacheka. La pili likasema garimoshi hupita karibu na soko letu mara mbili kila siku. Sikucheka tena. Kufika la kumi na moja damu ilikuwa ikinichemka. Garimoshi, Amu! Mji ambao punda wawili wenye shehena wakikutana njiani mmoja lazima arudi nyuma! Wote walikuwa wamenakili kitabu kimoja kikuukuu kilichokuwa kabatini, kilichoandikwa kwa ajili ya watoto wa bara, na hakuna hata mmoja aliyetoka kwenda kulitazama soko lenyewe.

Asubuhi yake niliwasimamisha wote kumi na mmoja.

"Haya mabwana," nikawaambia, "mimi sijapata kupanda garimoshi. Nani atanipeleka stesheni?"

Darasa likaangua kicheko, wao wakainamisha vichwa. Niliwakaripia mpaka sauti ikanikauka. Niliwaambia kwamba kuchukua maneno ya mtu ukayatia daftarini mwako bila kumtaja ni wizi, na kwangu mimi mwizi wa maneno na mwizi wa kuku ni mamoja. Mmoja akaniuliza, tena kwa adabu kabisa: "Kwani mwalimu, kitabu nacho kina mwenyewe?" Watoto hawa walikuwa wakidhani kilichopigwa chapa ni cha kila mtu, kama maji ya mvua.

Ndipo nikakumbuka jambo ambalo walikuwa wakilijua kunishinda mimi. Kila siku jioni wengi wao walihudhuria darsa ya sheikh mmoja mtu mzima msikitini, na huko hakuna hadithi isomwayo bila mapokezi yake: fulani kaisikia kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka ifike kwa aliyeisema. Mmoja katika wapokezi hao akijulikana kuwa ni mwongo, hadithi yote huanguka. Watoto wa Amu wanalijua hilo kabla hawajaota ndevu. Basi nikawaambia: "Kuanzia leo, kila habari mtakayoniandikia, chini ya ukurasa pigeni mstari, na chini ya mstari mniambie mmepokea kwa nani. Ikiwa ni kitabu, kitajeni. Ikiwa ni mtu, mtajeni. Ikiwa mmeona kwa macho yenu, semeni hivyo hivyo."

Subhanallah, walivyoipenda! Mimi nilitaka jina moja, wao wakaniletea nasaba. Mmoja aliandika jinsi ya kumtia chumvi papa, akamtaja aliyemfundisha mpaka babu wa sita, na mtaa aliozaliwa kila mmoja. Insha yenyewe ilikuwa mistari saba, mapokezi ukurasa mzima. Ningeweza kuwaambia imetosha, punguzeni. Sikuwaambia, kwa sababu nilikuwa nimejaa kiburi. Nilidhani nimewaponya ugonjwa wao kwa dawa ya kwao.

Mbora wao alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi, yatima wa baba, akilelewa na mjomba wake. Alikuwa mpole, mwandiko wake safi, na sheikh alikuwa amekwisha kusema wazi kwamba akiyakamilisha masomo ya msikitini atamwandikia ijaza, yaani hati ya kwamba naye sasa ni mtu wa kupokelewa na anaweza kufundisha wengine. Baba yake alikuwa nayo, na babu yake kabla yake. Mama yake hakuwa na haja nyingine duniani ila kuiona hati ile mkononi mwa mwanawe. Mimi nami nilimtakia skuli ya juu Mombasa, na nilikuwa na yakini kwamba yote mawili atayapata.

Mjomba wake alikuwa nahodha wa mashua ya maji. Wakati ule serikali ilikuwa imeweka wafungwa wa siasa kutoka bara upande wa pili, Manda, na Manda maji matamu ni shida. Kwa hiyo mapipa yalijazwa kwetu yakavushwa. Watu wa mashua ile walipewa amri moja: teremsha yaliyojaa, pakia matupu, usiseme na mfungwa, usipokee kitu chake. Mwaka uliotangulia, baharia mmoja alikutwa na karatasi ndani ya kofia yake. Alipandishwa meli siku ile ile, kikoi chake bado kimelowa, na habari zake hazikusikika tena. Mkewe alikaa ndani kama mwenye eda, na hakuna aliyemwambia kwamba mumewe amekufa. Tangu hapo watu wakipita forodhani walikuwa wakiipa Manda kisogo, na aliyekuwa na habari ya ng'ambo ile aliimeza.

Haya yote nilikuwa nayajua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Muhula wa pili niliwapa waandike juu ya visima. Ofisi ya serikali ilikuwa imeomba insha tano zilizo bora, zisomwe kabla ya kuchaguliwa mmoja wa kupelekwa Mombasa. Yule kijana akaandika juu ya kisima cha kale cha Manda, kilichokuwa kimefukiwa karibu na magofu: jinsi kilivyojengwa kwa mawe ya matumbawe, jinsi palivyochongwa pa kukanyagia mpaka chini, na jinsi maji yanavyoingilia kwenye tundu la jiwe moja. Ilikuwa insha ya kupendeza, na hakuna kitabu chochote chenye maneno yale. Chini ya ukurasa alikuwa amepiga mstari, na chini ya mstari ameandika kwamba amepokea haya kwa mjomba wake, nahodha wa mashua ya maji. Naye ameyapokea kwa mfungwa mmoja wa bara aliyeteremshwa kukizibua kisima hicho. Walizungumza siku ya Jumatatu baada ya adhuhuri, mjomba akiwa ameketi juu ya pipa. Majina yao wote wawili yalikuwa pale, kamili, pamoja na majina ya baba zao.

Nikachukua wino mwekundu nikaandika pembeni: Hivi ndivyo! Nikaiweka juu ya zile nne, nikaipeleka ofisini kwa mkono wangu.

Siku ya pili yake nilikuwa nikitia udhu wa adhuhuri. Nikasikia huko forodhani wakiitana kusukuma mapipa, na lile neno pipa likanirudisha kwenye daftari. Mjomba akiwa ameketi juu ya pipa. Nikasimama pale, mguu mmoja nimeuosha na mmoja mkavu. La haula! Habari ya kisima haikuwa na dhara kwa mtu yeyote. Lenye dhara lilikuwa chini ya mstari, na mstari ule nimewafundisha mimi kuupiga.

Sikuswali jamaa siku ile. Nilikwenda ofisini moja kwa moja, nikamwambia karani kwamba nimekosea kujumlisha alama, naomba yale madaftari mara moja.

"Umechelewa, mwalimu," akaniambia kwa uchangamfu. "Amekuja afisa mgeni wa mambo ya kambi ya Manda, kayachukua. Tangu jana anasoma moja tu, anarudia na kurudia. Hongera, umefundisha!"

Nikamshukuru. Sijui nilimshukuru kwa lipi.

Mjomba wa yule kijana nilimkuta mchangani, ameipindua mashua ndogo anaikwangua. Nilimweleza yote bila kuzunguka. Alinisikiliza hadi mwisho huku mkono wake ukiendelea kukwangua, na nilipokwisha akauliza jambo moja tu: kama jina la baba yake nalo limeandikwa. Nikamwambia limeandikwa.

"Ni kweli ulisema naye?" nikamuuliza.

"Mtu kateremshwa kisimani, katoka na tope mpaka kwenye nyusi, kaniambia, mzee, kisima hiki cha wenyewe, kina ngazi. Nisimjibu, mimi bubu?" Akatema mate pembeni. "Tumesema maneno ya kisima. Nikaenda nyumbani nikayasema mbele ya mtoto, basi. Sikujua kwamba mna ndia za kuandika mpaka alipoketi mtu."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwambia nitamwita kijana leo leo, nimpangie la kusema. Akaacha kukwangua.

"Usimwambie. Akijua ataogopa, na akiogopa mbele yao atatetemeka, nao watajua. Mwache alivyo. Mimi nina wanne ndani, na huyo wa tano, na mama yake. Wakinichukua, hao wote hawana mtu."

Nikamtii. Yeye alikuwa mtu mzima, na mimi, kusema kweli, nilifurahi kwamba kuna mtu aliyeamua kwa niaba yangu.

Siku tatu zikapita, na kila siku kikatokea kitu kidogo. Siku ya kwanza watu wa mashua ya maji walipangwa mstari forodhani wakaulizwa majina, ingawa askari wale walikuwa wakiwajua wote. Siku ya pili mtu nisiyemfahamu aliuliza kwa muuza kahawa nyumba ya yule nahodha iko mtaa gani. Siku ya tatu mashua ilichelewa kurudi. Mimi nilisimama mlangoni mwa darasa na chaki mkononi, nikijifanya natazama kama mvua itanyesha, mpaka nilipoliona tanga lake. Darasani yule kijana alikuwa akinitazama kwa furaha. Alijua insha yake imekwenda ofisini, akadhani nami ninangoja jibu la Mombasa.

Afisa alikuja siku ya nne, saa tatu asubuhi, na askari wawili ambao aliwaacha nje chini ya dirisha. Alikuwa Mzungu bado kijana, mwenye sauti ya taratibu, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko nilivyotarajia, jambo lililonitisha zaidi. Aliweka daftari mezani kwangu, likafunguka lenyewe pale pale palipokuwa pakifunguliwa sana.

"Mwalimu, habari hii ni ya kweli?"

"Si ya kweli, bwana," nikasema. "Mtoto katunga."

"Lakini wewe umeandika hapa, hivi ndivyo."

"Nilisifu mpango wake, bwana. Ninawafundisha umbo la kuandika. Majina wanabuni wenyewe."

Akaligeuzageuza lile daftari. "Siku wamebuni. Saa wamebuni. Na pipa?"

"Ndiyo, bwana. Na pipa."

Akaniambia nimsimamishe aliyeandika. Nikamwita, akasimama, na mpaka pale alikuwa bado anatabasamu. Afisa akamuuliza kwa upole, kama anavyoulizwa mtoto anayesifiwa, kama haya aliambiwa na mjomba wake. Nikaona mdomo wake unafunguka kusema ndiyo. Wallahi niliiona ile ndiyo mdomoni mwake. Nikamkatiza kwa ukali, nikampigia meza.

"Sema kweli! Sema kwamba umebuni!"

Akanigeukia. Sijawahi kutazamwa vile tangu siku ile, na sitaki. Kwanza hakuelewa. Kisha akamtazama afisa, akawatazama askari dirishani, akalitazama daftari lake, na tabasamu likamtoka. Alikuwa na akili kunishinda. Nilichohitaji siku mbili kukiona, yeye alikiona kwa pumzi moja.

"Nimebuni, bwana," akasema.

"Yote?"

"Yote. Mjomba wangu hasemi na mtu. Hata nyumbani."

Afisa akafunga daftari akasema kwamba mtoto anayeweza kusema uongo wenye siku na saa na jina la baba si wa kupelekwa skuli ya juu, nami nikasema ndiyo, bwana. Akasema uongo kama huo unaweza kumwingiza mtu asiye na kosa taabuni, nikasema ndiyo, bwana. Akauliza katika darasa langu adhabu ya mwongo ni nini. Alitaka kuona nitafanyaje. Nikachukua bakora nikampiga sita, mbele ya wote, na nikampiga kweli, kwa sababu afisa alikuwa akitazama mkono wangu. Hakulia hata kidogo.

Mjomba wake hakuguswa. Aliendelea kuvusha maji, akawalea wale wanne. Kila nilipoanza kujiona mtu mbaya nilijitajia hilo, na kwa muda lilinisaidia.

Lakini darasa zima lilikuwa limesikia, na darasa langu ndilo darsa ya msikitini. Alasiri ile ile, nilipoingia kuswali nikabaki nyuma, kijana alikuja akakaa mahali pake pa kila siku na kitabu magotini. Sheikh alikuwa amekwisha kuambiwa. Hakumkaripia. Alimuuliza tu kama ni kweli kwamba leo amekiri mbele ya watu kuwa alibuni mapokezi, akamsingizia mtu asiyeyasema.

Angesema hapana, kesho maneno yangefika ofisini; Amu hakuna kuta. Mjomba wake alikuwa safu ya pili, ameinama, vidole vyake vikihesabu tasbihi upesi upesi. Mimi nilikuwa karibu na nguzo.

"Ni kweli, sheikh," kijana akasema.

"Basi mwanangu, wewe utasikiliza pamoja nasi, karibu sana. Lakini hutasoma, na mimi sitakuandikia. Mtu aliyekiri hayo hapokelewi."

Kijana akafunga kitabu chake. Alikibusu, akakipa aliyekuwa kando yake, akarudi nyuma kukaa na watoto wadogo wa alifu. Akakaa nao wiki mbili hivi, kisha akaacha kuja. Mama yake alifungua dirisha siku moja nikipita akaniuliza, kwa sauti ya mtu asiyelala: "Mwalimu, mwanangu kajifunza wapi kusema uongo?" Nikamwambia Mungu atamwongoza. Baadaye nikasikia kijana amekwenda Kiunga kwa jamaa za baba yake, anavua.

Nilikuwa na la kujitetea, na lilikuwa zuri. Nikisema kweli, mjomba anakwenda. Kwa hiyo ningengoja. Nikangoja miaka. Kambi ikapungua watu, mashua ya maji ikawa inavuka mara moja kwa wiki, na watu wakaanza tena kuitazama Manda. Hata hapo sikusema, nikajiambia huwezi kujua. Mjomba tulipokutana njiani tulisalimiana, akapita upande wake nami wangu. Mara moja alisimama kana kwamba ana neno, nami nikakaza mwendo. Kisha akaugua homa, siku tano tu. Tukamzika Ijumaa.

Jumamosi, baada ya alasiri, nikamwendea sheikh. Nilimkuta peke yake, nikapiga magoti nikamsimulia yote: mstari, kisima, wino mwekundu, afisa, bakora. Nilimwambia kijana hakubuni hata herufi moja, mimi ndiye niliyedanganya na kumlazimisha. Nililia. Nilijisikia mwepesi, na nikasema sasa mwite arudi kutoka Kiunga, umwandikie ijaza yake.

Sheikh aliniinua, akaniketisha mbele yake.

"Moyo wangu wakusadiki," akasema. "Na aliyesema uongo kumwokoa mtu, sheria haimlaumu, yule kijana angekuwa safi. Lakini ijaza haiandikwi kwa moyo, yataka shahidi. Wewe umekiri kwangu kwamba u mwongo, na hayo nimeyapokea, juu ya nafsi yako. Juu ya mtu mwingine neno lako sina pa kuliweka."

"Nani basi atamshuhudia, sheikh?"

"Mjomba wake ndiye angemshuhudia. Alikuwa akinijia hapa kila mwaka kuniuliza kama wakati umefika wa kusema, nami nilimwambia, mimi sijui una nini, muulize mwalimu, yeye ndiye aliye karibu na ofisi." Akanitazama. "Hakukuuliza?"